Mjukuu wetu mwenye usonji katimiza miaka 13, hivi ndivyo tulivyoisherehekea siku yake (uzi mrefu)

BabuMkuu:

Habarini wadau, wazazi, walezi, na mababu na mabibi wenzangu mliomo humu.

Naleta hii mada kwa sababu naona watoto wenye mahitaji maalumu wakishafika umri wa kubalehe bethdei zao zinaenda njia mbili. Ama zinakufa kabisa kwa maelezo kwamba "hata haelewi kinachoendelea", ama zinabaki zilezile za mtoto wa miaka mitatu, mapambo yaleyale, kofia ya karatasi kichwani, watu wazima wanaongea kwa kisauti cha kitoto na kijana mwenyewe sharubu zimeanza kuchungulia. Msimamo wangu ni kwamba mtu aliyeishi miaka 13 ana miaka 13. Akiwa haongei, au kusoma kunamshinda, hiyo haifuti miaka aliyoiishi na vitu alivyoviona, watu aliowazoea na asiowataka karibu yake. Sherehe inabidi imkute pale alipo, kijana wa miaka 13, halafu ndo tuangalie mwili wake unahitaji nini ili aifurahie.

Huyu ni mtoto wa binti yangu. Ana usonji, maneno ya mdomo ni machache mno, anatumia tableti yenye picha, anabonyeza na yenyewe inatamka. Na anapenda madaraja. Anayapenda kuliko kitu chochote duniani, ukimwekea video ya daraja linajengwa anapiga mikono hewani kwa furaha mpaka na wewe unajikuta unacheka. Anajua lipi lilifunguliwa mwaka gani na kutoka mnara hadi mnara ni mita ngapi. Golden Gate 1937, mita 1,280. Akashi Kaikyo la Japani 1998, mita 1,991, na hili analipenda zaidi kwa sababu lilipokuwa linajengwa tetemeko la Kobe la Januari 1995 liliisogeza minara likaongezeka karibu mita moja bila mtu kupanga. Uturuki walipofungua la Çanakkale mwaka 2022 lenye mita 2,023 na kulipita la Japani, tableti ilikuwa inasema namba hiyo asubuhi mchana jioni. Wenyewe waliichagua makusudi, mwaka 2023 jamhuri yao ilikuwa inatimiza miaka 100. Nani alinifundisha yote haya uzeeni? Yeye.

Basi mama yake alianza kwa kumuuliza. Akamwekea kadi za picha mezani mbilimbili, watu wengi au wachache, nyumbani au nje, muziki au hakuna muziki. Akachagua nyumbani, wachache, na ile ya muziki akaigeuza kifudifudi. Imeisha hiyo, hakuna kikao cha familia cha kujadili muziki, mwenye siku kashasema.

Halafu kadi za picha zikabadilishwa kuwa kama hadithi fupi ya siku yenyewe, hii njia ilianzishwa na mwalimu mmoja wa Marekani anaitwa Carol Gray mwanzoni mwa miaka ya 1990 na waalimu wengi wa watoto hawa wanaijua. Unamwandikia kwa sentensi fupi na picha, nani atakuja, watafanya nini, kelele zitakuwepo wapi, yeye anaruhusiwa kufanya nini akichoka, na wataondoka lini. Kwetu iliwekwa picha ya uso wa kila mgeni, picha halisi za simu sio michoro. Mjomba wake ambaye alikuwa amekata ndevu alitumwa apige picha mpya, kwa sababu uso usiofanana na picha ungemvuruga. Kalenda ikabandikwa na kila asubuhi anakata siku yeye mwenyewe kwa kalamu. Sapraizi hatufanyi. Kwa mtu ambaye utulivu wake unategemea kujua kinachofuata, kuzima taa halafu watu kumi wakaruka kutoka nyuma ya kochi wakipiga kelele sio zawadi hata kidogo.

Siku yenyewe wageni walikuja kwa mafungu, mabinamu asubuhi, watu wazima mchana, kwa hiyo hapakuwa na muda nyumba imejaa. Maputo hayakuwepo, na tatizo la puto sio pale linapopasuka tu, ni zile saa nzima za kulisubiri lipasuke, mtoto anakaa kaziba masikio hata hajala. Hedifoni zake za kuzuia kelele zilikuwa shingoni muda wote. Chumba cha nyuma kiliachwa wazi, pazia limeshushwa, blanketi lake zito lipo, na kila mgeni aliambiwa mlangoni kabisa: akienda kule asifuatwe, asiitwe, asichunguliwe. Alienda, akakaa, akarudi mwenyewe. Watu wazima ndo waliohangaika zaidi na hilo, shangazi yake mmoja alitaka kwenda kumbembeleza na bibi akamshika mkono akamkalisha.

Keki ilikuwepo. Wimbo hatukuimba, tulipunga mikono wote kimya, ile ya viziwi ya kushangilia, mikono juu inatikiswa. Wadau sijawahi kuona watu wengi hivyo wamefurahi bila sauti, na yeye akawajibu, akainua mikono yake akatikisa. Kupuliza mshumaa ni kazi ngumu kwake, kupanga midomo na pumzi kwa pamoja kunamshinda, watu wengi wenye usonji wanapata shida kwenye kupangilia miendo ya mwili hata kama misuli iko sawa. Binamu yake akamletea kifeni kidogo cha mkononi, akakielekeza mwenyewe, mshumaa ukazima, akataka uwashwe tena. Ukawashwa. Akauzima tena. Tumeenda hivyo mpaka aliporidhika na hakuna aliyemwambia yatosha.

Sasa shughuli yenyewe. Mabinamu walikuja na vijiti, kamba, gundi na maboksi, wakajenga naye daraja la kuning'inia kutoka kochi hadi meza. Yeye ndo alikuwa injinia. Alikuwa anabonyeza tableti "hapana", "juu", "vuta", na vijana wanatii. Kuna binamu yake wa miaka 15 ambaye miaka yote alikuwa hajui akae naye vipi, anasalimia anakimbilia simu yake, siku hiyo walikaa wamelala kifudifudi wote wawili sakafuni wanakaza kamba. Hapo ndipo niliona faida ya kuanzia kwenye anachokipenda yeye, maana wenzake walikuwa na sababu ya kumuhitaji. Bila yeye daraja lisingesimama, walikuwa hawajui kamba kubwa inapita juu ya mnara na kufungwa ardhini huku na huku, wao walikuwa wanazifunga palepale mnarani na mnara unaanguka kila wakiachia.

Zawadi zilifunguliwa moja kwa siku kwa wiki nzima, na karatasi ziliachwa nusu wazi ili aone kilichomo. Kukumbatia ni kwa kuomba, unanyoosha ngumi, akigonga amekusalimia na akiacha usilalamike. Ana miaka 13, mwili wake ni wake, na huu ndo umri wa kumfundisha kwamba ana haki ya kukataa kuguswa, kwa sababu watoto wenye ulemavu wanadhulumiwa kuliko wenzao na anayezoeshwa kukumbatiwa na kila mtu hata akijikunja atajuaje kwamba anaweza kukataa?

La mwisho, dada yake mdogo. Siku nzima inaweza kuwa ya kaka na huyu akageuka msaidizi, lete hiki peleka kile. Mimi na bibi yake tulimtoa jioni tukaenda naye kutembea, sisi watatu, akaongea mambo yake ya shule hadi tukarudi. Na wazazi wao walipata kukaa chini wakala wakiwa wamekaa. Nadhani kazi kubwa ya babu na bibi kwenye hizi sherehe ndo hiyo.

Karibuni mchangie, hasa wenye watoto waliovuka hapo.

mama_pacha:

Shikamoo babu. Nimesoma nikalia, samahani. Mimi nina pacha, mmoja ana mtindio wa ubongo, anatumia kiti cha magurudumu, wanatimiza 13 mwaka huu. Mama yangu mzazi anataka ukumbi na watu wote wa ukoo, anasema "wajukuu wangu wasifichwe". Mimi naogopa yule mwenye kiti atakaa pembeni kama kila mara, watu wanampapasa kichwa wanaendelea na mambo yao. Na yeye anaelewa KILA KITU, ila hawezi kuongea.

BabuMkuu:

Marahaba binti. Mama yako usimpinge kwa nguvu, hofu yake ni ya haki, kizazi chetu kimeona watoto wakifungiwa ndani wageni wakija. Mwambie kutofichwa sio lazima umati. Halafu mkalishe na huyo mjukuu wake, amuulize yeye mwenyewe kwa macho au kwa kadi au njia yoyote mnayotumia. Mtindio wa ubongo unagusa miendo na mkao wa mwili, wengi akili zao ziko sawa kabisa na watu wanahukumu kwa sababu ya mate na sauti. Inawezekana anataka ukumbi! Sisi tusimchagulie utulivu kwa sababu tu mjukuu wangu anautaka.

Vitu vya kuangalia: meza iwe ya kimo ambacho kiti chake kinaingia chini, asikae nyuma ya watu. Wageni waambiwe wainame au wakae wanapoongea naye, wamtazame yeye, wamsubiri ajibu, maana kusubiri ndo panaposhinda wengi, mtu anauliza swali na sekunde mbili hazijaisha anamgeukia mama amjibie. Na keki, kama kumeza ni shida kwake muulize mtaalamu wa usemi anayemwona, huyo ndo anajua pia mambo ya kumeza, atakwambia ulaini gani ni salama.

Na pacha mwenzie nae aulizwe, asije akapewa nusu ya siku yake.

MtiMkavu:

Mzee heshima kwako ila naomba kutofautiana kidogo. Hamuoni mnamdekeza? Hakuna wimbo, hakuna maputo, wageni kwa mafungu, chumba cha peke yake. Dunia ya nje haitampunguzia sauti. Mimi mwanangu hana ulemavu lakini alikuwa anaogopa maputo nikampasulia matano mbele yake akazoea.

BabuMkuu:

Nashukuru kwa kusema wazi mdogo wangu, wengi wanawaza hivyo wanakaa kimya.

Uoga wa puto kwa mtoto wako na sauti kwa mtu mwenye usonji ni vitu viwili. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kwenye toleo la tano la kitabu chao cha vigezo, mwaka 2013, waliingiza rasmi suala la milango ya fahamu kuzidiwa au kupokea chini ya kawaida, sauti, mwanga, mguso, harufu, kuwa miongoni mwa dalili zenyewe za usonji. Temple Grandin, profesa wa sayansi ya wanyama kule Marekani na yeye ana usonji, ameeleza mara nyingi namna kengele ya shule ilivyokuwa inamuumiza masikio, kuumia kabisa. Sasa mtu anayeumia ukimrudishia maumivu mara tano unamfundisha nini zaidi ya kwamba wewe sio mtu wa kukimbilia?

Watu wanachanganya deko na kuzidiwa. Mtoto anayedeka anakuangalia kama unamwangalia, ukimpa anachotaka anaacha, ana lengo. Aliyezidiwa hana lengo, hata ukimpa dunia nzima haachi, mwili umefurika na unahitaji giza na ukimya na muda mpaka upungue wenyewe. Ukimchapa au kumkaripia hapo unaongeza maji kwenye mafuriko.

Na kuhusu dunia ya nje, tunamwandaa kila wiki. Anaenda sokoni, anapanda basi, anakaa kwenye foleni hospitali, na hedifoni zake. Ana siku nyingi mno za kujikaza kwa ajili ya wengine. Bethdei ni siku moja ambayo wengine ndo wanajikaza kwa ajili yake, na mabinamu zake wamejifunza kitu hapo ambacho nao watakihitaji huko duniani.

BibiMwana:

Babu umenikumbusha wangu mimi, ila wangu ni kinyume chake kabisaaa. Mjukuu wangu wa kike ana Down syndrome, ile hali ya kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada inayochelewesha ukuaji na kujifunza, katimiza 15 juzijuzi, na yeye alitaka muziki mkubwa, gauni linalong'aa, taa, watu, na aingie wa mwisho kila mtu akiwa amesimama. Na aliingia hivyo! Alicheza mpaka sisi tumekaa yeye bado. Alitoa hotuba pia, maneno mengine wageni hawakuyaelewa lakini hakuna aliyemkatiza.

Nataka kusema kitu kwa mabibi wenzangu. Huyu alipozaliwa tuliambiwa maneno mazito hospitali, nikahesabu kama mtoto wa kupita. Moyo ulikuwa na tundu, karibu nusu ya watoto wenye hali hii wanazaliwa na shida ya moyo, akafanyiwa upasuaji akapona. Huko Marekani mwaka 1983 wastani wa maisha yao ulikuwa kama miaka 25, sasa ni kama 60, na sababu kubwa ni hizo operesheni za moyo pamoja na kuacha kuwafungia kwenye vituo vya walemavu mbali na familia zao. Kwa hiyo hiyo miaka 13 au 15 mnayoisherehekea ni mwanzo, ana miaka mingi mbele, mfundisheni kupika, kutunza pesa, kujihifadhi. Na balehe inawajia kwenye umri uleule wa wenzao, msingoje damu itoke ndo muanze kumweleza, wangu tulianza mapema kwa mwanasesere na picha, siku ilipofika alikuja kuniambia mwenyewe "bibi imekuja" kama anatoa taarifa ya wageni.

Halafu pimeni masikio na tezi ya shingo kila mwaka, mtoto anaonekana mvivu au mkaidi kumbe hasikii vizuri au tezi imelegea.

kimyakimya:

Naandika kwa nadra humu. Nina usonji, nimegundulika nikiwa mtu mzima, sasa nina miaka 31. Bethdei zangu za ujana nilikuwa nalala mapema siku hiyo nikijifanya naumwa. Kitu kibaya kuliko vyote ni ule wimbo, watu wote wamekuangalia na wewe hujui mikono uiweke wapi wala uso uufanyeje, na ukimaliza unaulizwa mbona hujafurahi. Nilikuwa nimefurahi. Uso wangu ndo haukuonyesha.

Mzee naomba kuongeza moja kwa familia zote, msimlazimishe awaangalie machoni wakati wa picha. Mimi nikikuangalia machoni siwezi kusikia unachosema, ni kimojawapo. Na picha za mtu akiwa amezidiwa zisipostiwe hata kama maelezo yake ni ya huruma, ana miaka 13, wenzake shuleni wana simu.

Hilo daraja lilisimama?

BabuMkuu:

@kimyakimya asante sana kijana wangu kwa kuandika. Nimemsomea binti yangu ulichoandika kuhusu uso, amesema atakikumbuka. Picha zetu nyingi ni za yeye akiwa na kazi mkononi, kaangalia kamba, na ni nzuri kuliko zote tulizowahi kumlazimisha kutabasamu. Tukitaka kumtumia ndugu aliye mbali tunamwonyesha kwanza, akibonyeza "hapana" inafutwa.

Lilisimama. Lilibeba kopo la rangi.

mama_pacha:

Babu swali jingine, ukumbini wanasema kuna zile taa za disko za kumetameta. Mwanangu alishawahi kupata degedege akiwa mdogo, sasa hapati. Niwaruhusu?

BibiMwana:

Mwanangu nimefanya kazi wodini miaka, ngoja nikujibu. Wanaopata kifafa kwa sababu ya mwanga wa kumetameta ni wachache, kama asilimia 3 ya wenye kifafa, lakini wengi wao ni watoto na vijana, na mtoto mwenye mtindio wa ubongo yuko kwenye hatari ya kifafa kuliko wengine. Muulize daktari wake, na kama hujampata kabla ya siku, taa za kumetameta zizimwe, ziwepo za kawaida za rangi zilizotulia, hakuna atakayekosa raha. Asikose usingizi usiku wa kuamkia sherehe na kama ana dawa azimeze kwa saa zake, msisahau kwa pilikapilika.

Ikitokea, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, angalia saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimshikilie kwa nguvu. Ikipita dakika 5, au ikimrudia kabla hajazinduka, hiyo ni dharura, apelekwe hospitali. Mwambie mtu mmoja ukumbini mapema kwamba hiyo ndo kazi yake ili usibaki unatafuta nani afanye nini.

MtiMkavu:

Nimesoma yote. Mzee nakubali hoja ya kuumia, sikuwa najua. Ndugu yangu ana mtoto wa hivi na mwezi ujao ana bethdei, nilikuwa nimepanga kumpelekea maputo ya gesi. Nipeleke nini?

BabuMkuu:

Mpigie mama yake muulize mtoto siku hizi kashika nini, maana kila mmoja ana chake, ratiba za treni, feni, sayari, nembo za magari. Ukishajua, peleka kitu kimoja cha hicho, usipeleke vitano. Tuma picha yako ya sasa hivi waiweke kwenye kadi zake. Ukifika usimwite kwa sauti, kaa sakafuni mbali kidogo na uanze kukichezea wewe mwenyewe, kama anataka atakuja.

@mama_pacha kuhusu zile kadi, anza na picha ya mwisho, wageni wanaondoka na mlango unafungwa, halafu rudi nyuma hadi asubuhi, ni rahisi kupanga hivyo. Ukikwama kwenye sentensi ziandike hapa tuziangalie pamoja na BibiMwana.